Waya wa Zamu

Mji mzima wa Voi ulijua kwamba Badawy ni mume mwadilifu, na aliyeujua uadilifu huo kuliko wote, mpaka ukamkaa kooni, ni Umi, mkewe wa kwanza. Badawy alikuwa na duka la vyombo na vifaa vya ujenzi karibu na soko, na dukani alikuwa na mizani. Mchana mizani ile ilipima misumari, jioni ikapima mapenzi. Akinunua tikiti maji, alilikata katikati, akapima pande zote mbili, na ule upande uliozidi akaumegua kipande akakila pale pale amesimama. Ndipo alipotuma nusu mtaa wa Kaloleni kwa Umi, na nusu mtaa wa Sofia kwa Nasiha, mke mdogo. Akinunua leso, alinunua mbili, rangi moja, jina moja. Umi alikuwa na leso kumi na tatu asizozivaa kamwe, kwa kuchelea kukutana nazo barabarani zikitembea.

Hata yeye mwenyewe Badawy alijigawa. Siku mbili alilala Kaloleni, siku mbili Sofia, na alikwenda na kurudi na mkoba wake wa ngozi wenye kikoi cha kulalia, wembe na mswaki. Miaka sita zamu haikuvunjika. Msikitini wenzake walimtolea mfano.

Umi hakuwa na la kusema mbele za watu. Angesema nini? Kwamba anapewa haki yake sawasawa? Lakini moyo wa mke haupimwi kwa kilo, na Umi hakuwa akiitaka nusu iliyokatwa vizuri. Alikuwa akikitaka kile kipande Badawy alichokila amesimama. Laiti angekiacha upande wake mara moja tu, hata kwa kusahau, Umi angesamehe mengi.

Umi hakumwita Nasiha kwa jina. Alimwita "wa Sofia." Wa Sofia kafanya hivi, wa Sofia kavaa vile. Katika miaka yote hiyo mguu wake haukukanyaga Sofia, wala wa Nasiha haukukanyaga Kaloleni. Wakikutana arusini walisalimiana kwa ncha za vidole, kisha kila mmoja akatafuta mkeka wake.

Basi mwaka wa tisini na saba, kabla ya zile mvua kubwa zilizokata barabara, mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa kwenye mradi wa maji alimaliza kazi yake akauza vitu. Badawy akanunua viti vya kambi, jiko la gesi, na kompyuta ya kukunja, laptopu, iliyokuwa imeanguka ikafa kioo. Mhandisi hakuitupa. Aliiunganisha na skrini kubwa ya mezani kwa waya mnene mweusi wenye vichwa viwili, kila kichwa na skrubu zake mbili za kukazia, na picha ambayo haikuonekana kwenye laptopu ikaonekana pale kwenye skrini. Vitu vitatu, chombo kimoja. Mtu mwingine yeyote angeviweka mahali pamoja.

Badawy alivitazama akaona vitu viwili na wake wawili. Laptopu akampelekea Umi. Skrini akampelekea Nasiha. Tatizo likabaki kwenye waya, maana waya ni mmoja na haukatiki. Kijana wa kazi wa dukani aliapa kwamba tajiri wake alisimama na koleo mkononi kwa muda mrefu akiufikiria. Mwisho akautia katika mkoba wa ngozi pamoja na kikoi na mswaki, na waya nao ukaanza kufuata zamu. Siku mbili ulilala karibu na laptopu, siku mbili karibu na skrini. Miezi mitatu ikapita, na vile vitu vitatu havikuonana hata siku moja.

Umi alifurahi mwanzoni. Aliiweka laptopu kabatini katikati ya vikombe vya wageni, na mgeni akija aliifungua kidogo aone vile vitufe. Kisha akaja Mable, jirani yake, Mtaita wa Mgange aliyeuza mboga mlango kwa mlango na ambaye hakuwa na lango asiloingia.

"Mama Rayhana, mwenzako kule Sofia ameletewa TV," akasema Mable akipanga mafungu ya mchicha. "Kubwa kama sanduku. Ameifunika na kitambaa cha kufuma, maua maua hivi. Sijaona akiiwasha, labda anangoja sikukuu."

Mchicha ule Umi aliunyofoa mpaka mizizi. Kumbe! Wa Sofia kapewa sanduku zima, na yeye kapewa kitabu cha plastiki. Badawy alipokuja zamu yake akaapa kwamba ile si TV, kwamba bila waya haina maana, na kwamba alikwisha kuvipima vyote viwili. Lakini Umi alikuwa ameshautazama ule waya katika mkoba, na wivu ukapata pa kushika. Siku ambazo mkoba ulikuwa Sofia, hakumwaza mumewe peke yake. Aliuwaza na waya.

Akamwendea Mulei, fundi wa redio mwenye kibanda nyuma ya stendi, akamtaka amletee waya wa kompyuta, wake mwenyewe, usiohama.

"Mama, unataka waya na skrini huna?" Mulei akauliza.

"Wewe niletee tu. Skrini niachie mimi."

Mulei alishuka Mombasa kununua spea, akarudi na waya mweusi, mnene, wenye skrubu mbili kila kichwa. Umi akaufunga kwa utepe mwekundu akauweka juu ya laptopu. Sasa na yeye alikuwa na waya wake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Rayhana aliporudi kutoka chuoni.

Rayhana alikuwa mtoto wa mwisho wa Umi, miaka kumi na tisa. Kaka zake wawili walikwisha kuoa wakahamia Mombasa, na yeye ndiye aliyebaki wa kumpikia, wa kumsubiri na wa kumsema. Alikuwa amemaliza masomo ya ukatibu mahsusi, na wiki ya kwanza tu akaletewa barua: hoteli moja ndani ya mbuga ilitaka karani, aende Jumamosi ya wiki ya pili akafanyiwe mtihani wa kupiga chapa kwa kompyuta. Akipita, kazi inaanza mwezi ukianza. Asipopita, kuna wengine tisa.

"Chuoni tulikuwa watu kumi na kompyuta moja," Rayhana alimwambia mamake. "Taipureta naijua. Kompyuta nimeigusa mara nane. Nikienda hivi hivi, naanguka."

Umi akafungua kabati kwa fahari akamtolea laptopu na waya wa utepe mwekundu. Rayhana aliugeuza waya, akahesabu kwa ncha ya kucha.

"Mama, huu sio. Huu una pini tisa, safu mbili. Wa skrini una pini kumi na tano, safu tatu. Vichwa vinafanana umbo, lakini haviingiliani. Na hata ungekuwa wenyewe, hii laptopu yako ni kipofu. Macho yake yako kwa mama mdogo."

Kusikia "mama mdogo" ndani ya nyumba yake, Umi alihisi kama aliyemeza kaa la moto. Waya wa pini tisa akautupa kwenye droo ya visu.

Jioni ile Badawy aliposikia habari, alivua kofia akaishika mkononi kama afanyavyo akikabiliwa na hesabu ngumu. "Nikiileta skrini huku, Nasiha hana kitu. Nikiipeleka laptopu kule, mamako hana kitu. Mimi siwezi. Laptopu ni ya mamako, akitaka iende Sofia ni hiari yake. Skrini ni ya Nasiha, akitaka ije huku ni hiari yake. Waya ni wangu, nakupa, kaa nao mpaka Jumamosi."

Basi Umi alikuwa na mambo mawili: amwombe wa Sofia, au amtume bintiye Sofia. Kuomba aliona ni kufa. Akachagua kutuma. Hakujua kwamba amechagua kubaya zaidi.

Siku ya kwanza Rayhana alirudi uso unang'aa.

"Imewaka, Mama. Mwanzo ilikataa. Nimechomeka waya, nimekaza skrubu, skrini nyeusi tii. Nikasema imekufa. Mama mdogo akacheka. Kumbe kabla ya kuolewa alikuwa akifanya kazi kwa mawakala wa forodha kule bandarini, anazijua hizi. Kuna kitufe kimeandikwa Fn, unakibonyeza pamoja na F5, vyote viwili kwa wakati mmoja, ndipo laptopu inaituma picha kwenye skrini. Ukibonyeza kimoja kimoja, unakesha."

"Amekupa chakula?" Umi akauliza.

"Mkate wa sinia. Laini, Mama, sijui anautia nini."

Umi alikuwa ameoka mkate wa sinia asubuhi ile ile. Aliuchukua akawapa kuku wa jirani, kisha akajuta, akasimama ukutani akiwatazama kuku wanavyofaidi.

Siku ya pili Rayhana alirudi na habari kwamba mama mdogo anamsomea barua kwa sauti naye anaipiga huku anasikiliza, kama itakavyokuwa kazini. Siku ya tatu akarudi amesukwa nywele. Siku ya nne alichelewa mpaka adhana ya magharibi, na alipoinama kuvua viatu, Umi akanusa harufu ya udi katika nguo zake. Haukuwa udi wa Kaloleni. Ulikuwa ule udi mzito, mtamu, ambao miaka sita Umi alikuwa akiunusa kwenye kikoi cha Badawy kila mkoba uliporudi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Umi aliunusa kwa pua yake mwenyewe kwenye nguo za mtoto aliyemzaa.

Hapo Umi alielewa. Mume alikuwa amegawanywa, sawa, ameshazoea. Lakini mtoto hakuwa tikiti maji. Nasiha hakuwa na mtoto. Miaka sita tumbo lake lilikuwa kimya, na Umi, Mungu amsamehe, alikuwa akilipokea kimya hicho kila mwezi kama salamu. Sasa wa Sofia kapata mtoto mkubwa, msomi, aliyekwisha kulelewa, bila hata uchungu wa siku moja.

Asubuhi ya Jumatano, zikiwa zimebaki siku tatu, Rayhana alikwenda kuoga. Mkoba wa laptopu ulikuwa kitini, tayari. Umi akaufungua. Akatoa waya wa pini kumi na tano, akautia wa pini tisa, umbo lile lile, unene ule ule. Waya wenyewe akauzika katika pipa la mchele mpaka kiwiko. Nia yake haikuwa mtoto aanguke. Alijiambia anataka siku moja tu, siku moja Rayhana arudi mapema, aseme kule hakuna maana, akae jikoni naye. Alipika pilau ya watu wawili akakaa kusubiri.

Saa tano hakupita mtu. Saa sita akaingia Mable na mboga zake, akatoka. Saa saba Umi alisikia magurudumu ya mkokoteni yakija kwa kishindo, yakasimama mlangoni pake.

Aliyekuwa akiusukuma ni Kituku, mpagazi wa sokoni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na kitu kikubwa kimefungwa kwa blanketi, na juu ya blanketi kitambaa cha kufuma cha maua maua. Nyuma ya mkokoteni, ndani ya buibui, ameshika blanketi lisiteleze, alikuwa Nasiha.

Miaka sita. Umi hakujua hata aseme karibu au asiseme. Mdomo ukasema wenyewe.

"Karibu."

"Starehe, Mama Rayhana." Nasiha alimwelekeza Kituku aiweke skrini juu ya meza ya ukumbini, akamlipa, akangoja mpaka magurudumu yaende mbali. Kisha akatoa chini ya buibui waya wa pini tisa, akauweka mezani taratibu.

"Huu ulikuja leo. Nimemwambia mtoto pengine babake amechanganya, nimemtuma dukani akaulize, kisha anifuate huku. Dukani wana kazi, hatafika upesi." Akaugeuza waya upande wa pini. "Alitaka kuusukuma kwa nguvu. Nimemshika mkono. Pini zikipinda mle ndani, basi tena, na Jumamosi ndiyo hiyo."

Umi alitazama waya. Alitafuta uongo, na uongo ulikuwepo mwingi, lakini njia ya mwongo ni fupi na yeye alikuwa amekwisha kufika mwisho wake. Alikwenda jikoni. Nasiha akasikia mfuniko wa pipa, na mchele unavyomwagika. Umi akarudi na waya, chembe za mchele zimekwama kati ya zile pini kumi na tano, akasimama nao katikati ya ukumbi.

Nasiha alinyoosha mkono. Aliuchukua, akapuliza mchele kutoka safu zote tatu, akachomoa chembe moja kwa pini ya mtandio wake. Akachomeka kichwa kimoja kwenye skrini, cha pili kwenye laptopu aliyokuwa amekuja nayo mkobani, akakaza skrubu zote nne kwa vidole. Akabonyeza vile vitufe viwili pamoja. Skrini ikafunguka nyeupe, barua ya Rayhana ikatokea pale ilipoachwa jana yake.

"Ikae huku," akasema. "Apige hata baada ya chakula, asipoteze muda wa njia. Mkizima, muifunike, vumbi la huku ni jingi."

Akakikunjua kile kitambaa chake cha maua akakiacha juu ya kiti. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni, Rayhana akafika anahema kutoka dukani. Nasiha akamwambia, "Waya umepatikana, mwanangu, ulikuwa kwenye vitu vya babako." Kisha akaenda zake kwa miguu, juani.

Sasa Umi alikuwa na vyote. Laptopu, skrini, waya na mtoto, vyote chini ya bati lake. Wa Sofia alirudi mikono mitupu. Kama mizani ingekuwa pale ingelala yote upande wa Kaloleni, na hicho ndicho kile kipande alichokuwa akikitaka miaka sita. Lakini hakikumshuka kooni. Kutoa ni moyo, na Umi alimwonea Nasiha wivu kwa moyo ule kuliko alivyowahi kumwonea kwa leso, kwa udi, au kwa Badawy mwenyewe. Ule wema kwa nini haukumjia yeye kwanza? Hata aibu ya siku ile aliiona imegawanywa vibaya. Yote ilikuwa yake.

Badawy alikuja zamu yake, akaiona skrini, akavua kofia. Kesho yake akampelekea Nasiha blenda mpya kutoka dukani ili mizani itulie. Umi akaionea wivu na blenda pia. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na kumsitiri hapa hakutamfaa.

Siku mbili Rayhana alipiga chapa mpaka vidole vikajua njia. Umi hakujua Kiingereza kile, lakini alikaa kando akimsomea hivyo hivyo, kwa kukwamakwama, maana alisikia kule Sofia alisomewa. Rayhana hakucheka. Pale mamake alipokwama alisema tu, "Ruka hilo, Mama," akaendelea.

Jumamosi gari la hoteli lilimchukua saa moja asubuhi pale kwenye kituo cha petroli. Walisema litawarudisha saa kumi. Matokeo wangepewa huko huko.

Kuanzia saa nane Umi hakukaa. Alipanga vikombe, akavipangua. Jambo moja lilikuwa limemshika na halimwachi. Kutoka kituo cha petroli kwenda Sofia ni mwendo wa dakika tano. Kuja Kaloleni ni nusu saa, na jua, na vumbi. Mtoto atashuka amechoka, na habari moyoni inamchoma. Atakwenda wapi kwanza? Kwa aliyemfundisha, au kwa aliyeficha waya? Kama wa Sofia alikwisha kumwambia habari za lile pipa la mchele, jibu linajulikana. Umi aliiona picha yote: Rayhana anaingia kule, wanakumbatiana, udi unafuka, kisha jioni anakuja Kaloleni kutoa habari iliyokwisha kupoa.

Saa tisa na robo alishindwa. Alivaa buibui, akafunga mlango kwa kufuli, akashika njia ya Sofia. Mtoto asipate hata nafasi ya kuchagua. Akienda Sofia kwanza, atamkuta mamake ameketi kule kule.

Nyumba aliijua kwa kuisikia: mlango wa kijani, mti wa mlimau. Nasiha alifungua, akamtazama, akasogea apite. Hakuuliza amefuata nini. Alileta kahawa na tende, wakaketi kila mmoja na mto wake, na mahali palipokuwa na skrini kulikuwa na meza tupu yenye blenda.

Wakaisikiliza saa ya ukutani. Umi, ambaye hakuwa amepanga kusema lolote, akasema.

"Ule waya niliuficha mimi."

"Najua."

"Hukumwambia."

"Nimwambie nini? Kwamba mamake anampenda?" Nasiha aliisogeza sahani ya tende. "Hata mimi nina langu. Ile siku ya nne nilimfukiza udi makusudi. Nilimsimamisha juu ya chetezo, nikamwambia ni heri ya mtihani. Nilitaka afike kwako umnuse."

Umi aligeuka akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza. Miaka sita alikuwa amemdhania mwanamke huyu anaishi kwenye mteremko, anapewa tu, anacheka tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kumbe na yeye alikuwa akikaa huku Sofia akipima, akinusa kikoi kilichotoka Kaloleni, akiona wivu juu ya kila "mwanangu" ambaye si wake.

"Nilimnusa," Umi akasema.

"Nilijua utamnusa."

Saa kumi ikapita. Saa kumi na robo ikapita. Gari lazima lilikwisha kufika, na Sofia ni dakika tano. Nasiha alikuwa anautazama mlango, na Umi alikuwa anamtazama Nasiha. Saa kumi na moja kasoro kumi hakuna mtu. Tende hazikuguswa. Ikafika saa kumi na moja kamili ndipo lango likalia, na Rayhana akaingia, mavazi yamejaa vumbi mpaka magotini, jasho linamtiririka, karatasi mkononi. Alimwona mamake kwenye mto wa Sofia akaduwaa.

"Mama, uko huku? Mimi nimepita hapa nje sikuingia, nimekwenda nyumbani kwako kwanza nikuambie. Nimekuta kufuli. Nimezunguka kwa Mable, kwa majirani, hakuna anayejua ulikokwenda. Ndipo nikarudi."

Kwanza. Nyumbani kwako kwanza. Lile neno Umi alikuwa akilingoja miaka sita kutoka kwa mume, na leo limetoka kwa mtoto, kwa hiari yake, mbele ya wa Sofia mwenyewe. Amepita karibu na mlango wa kijani asiuingie. Akatembea nusu saa kwenye jua kwa ajili ya mamake, na mamake, kwa wivu, hakuwepo. Umi alitaka kucheka na alitaka kujipiga. Kisha macho yake yakaenda kwa Nasiha.

Nasiha alikuwa ameinama akiokota kikombe ambacho hakikuwa kimeanguka. Umi alikijua kile kichwa kilichoinama. Kila mkoba ulipotoka Kaloleni kwenda Sofia, yeye naye alikuwa akiinama vile vile, akitafuta kitu cha kuokota.

Rayhana alikuwa bado amesimama katikati, karatasi imekunjwa mkononi, anamtazama mamake, midomo imebana kicheko ambacho hakikuweza tena kufichika. Alikwisha kuvuta pumzi ya kusema.

"Usiniambie mimi," Umi akasema. "Mwambie mama yako mdogo. Mimi niko hapa, nitasikia."